Je, Wajua? Goli Limeshaingia, Simu Yako Bado Inasubiri

Sogea kidogo kwenye benchi, msomaji wangu, nami nikae. Kahawa imemiminwa, kashata ipo, mechi inakaribia kuanza, na vijana wote hapa kijiweni Dodoma wameinamia simu zao. Kabla kipenga hakijalia, ngoja nikupe maajabu ya video ya mubashara: inavyonaswa, inavyochezwa, na kinachofanya ikufikie ikiwa imechelewa. Ukisikia jambo gumu kuamini, nipige kikumbo. Twende!

Umbali si kisingizio

Je, wajua kwamba mwanga unaobeba video ndani ya mkongo wa nyuzi za kioo hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde? Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kama kilomita 450 kwa barabara. Mwanga unazimaliza kwa milisekunde 2 na ushei, na milisekunde ni sekunde moja iliyokatwa vipande 1,000!

Pepesa jicho. Haraka kabisa! Hata ukijitahidi vipi, umetumia kama milisekunde 100. Katika muda huo mwanga ungekwenda Dar na kurudi Dodoma zaidi ya mara 20.

Mwaka 1871 msafiri Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi, akakatiza huku kwetu Ugogo na msafara wake, akafika Ujiji Novemba. Mwanga kwenye mkongo hauhitaji hata sehemu moja ya mia ya sekunde kwa umbali huo. Miezi minane imekuwa kufumba na kufumbua, tena kufumba kwenyewe hakujakamilika.

Treni ya reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kuleta abiria Dodoma Julai 2024 inakimbia kilomita 160 kwa saa. Simu yako ikichelewa sekunde 30 kuonyesha goli, treni hiyo imeshakata kilomita 1 na theluthi. Ungekuwa kituoni, usingeuona hata mkia wake!

Sasa tazama juu. Setilaiti nyingi za televisheni ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Picha ikirushwa kutoka Dar kupitia huko, inasafiri zaidi ya kilomita 71,000 ili kuufikia mji ulio umbali wa kilomita 450!

Safari hiyo ya kupanda na kushuka inakula karibu robo ya sekunde. Umewahi kuona mtangazaji wa studio anauliza swali, na mwenzake aliye mbali anakodoa macho kwanza ndipo ajibu? Swali limekula robo yake, na jibu nalo limekula robo yake.

Je, unajua kwamba kabla ya Julai 2009 Tanzania haikuwa na mkongo hata mmoja wa baharini wa intaneti? Mwezi huo SEACOM uliwashwa, na mwaka uliofuata EASSy nao ukafuata. Kabla ya hapo, barua pepe yako ya kwenda ng'ambo ilipanda angani kwanza.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu siku moja, baharini kusini mwa Afrika. Watu wa Dodoma, walio mbali kabisa na bahari, waliona video zao zikiganda. Waya uliolala chini ya maji ya chumvi umeisimamisha simu kwenye nchi ya mibuyu!

Basi anayechelewesha ni nani?

Jibu ni foleni, ndugu yangu! Televisheni yetu inaonyesha picha 25 kila sekunde, na kila picha, yaani fremu, inakaa milisekunde 40. Mashine inayonasa fremu nzima kutoka kwenye kamera husubiri milisekunde hizo 40 hata kabla haijaanza kazi.

Shika hesabu hii. Kunasa fremu 1, kuichakata 1, kuipeleka kwenye skrini 1: umeshapoteza milisekunde 120. Katika muda huo mwanga kwenye mkongo umekwenda kilomita 24,000, na wewe hujatoka hata ukumbini!

Ndiyo maana kwenye harusi yenye skrini kubwa unamwona bibi harusi amekwisha kukata keki, halafu kwenye skrini kisu ndio kwanza kinashuka. Kamera iko mita 10 kutoka kwenye skrini. Umbali hauna kosa hapo, fremu zimepanga foleni ndani ya mashine.

Hili litakushangaza zaidi. Programu nyingi za kubana video hutuma fremu ya mbele kabla ya ile iliyoitangulia! Mashine hukuletea mpira uliokwisha kutua wavuni, kisha inarudi nyuma kuijaza safari ya mpira huo, na simu yako inavipanga vyote upya bila wewe kujua.

Video ya mtandaoni haimiminiki kama maji ya bomba, inabebwa kwa ndoo. Mfumo mmoja maarufu, uliotolewa na Apple mwaka 2009, hukata mechi vipande vya sekunde kadhaa, na kipande cha sekunde 6 ni cha kawaida. Simu hupenda kuweka akiba ya vipande 3 kabla ya kuanza: sekunde 18 tayari umeachwa!

Zamani kipande kilikuwa cha sekunde 10. Vitatu ni sekunde 30. Katika sekunde 30 mwanga wa angani unakwenda Mwezini na kurudi mara 11, na bado unabakiwa na muda!

Mtu angekuwa amesimama Mwezini, kilomita 384,400 kutoka hapa, wimbi la redio lingemfikia kwa sekunde 1.3. Yeye angejua matokeo ya penalti wakati wewe wa Nkuhungu, hapa Dodoma, bado unamtazama mpigaji akiuweka mpira chini. Hebu fikiria!

Lakini simu za video, zile za kuongea uso kwa uso, hupita kwenye intaneti hiyohiyo kwa chini ya nusu sekunde. Siri yake ni kwamba haziweki akiba ya ndoo. Ndiyo maana shangazi yako wa Muscat anakatikakatika, lakini anakujibu papo hapo.

Unajua kwamba televisheni yako mwenyewe inaweza kuwa mchelewaji? Televisheni nyingi mpya huipamba picha kwanza, na upambaji huo unaweza kula zaidi ya milisekunde 100. Tafuta kwenye mipangilio hali ya michezo ya kompyuta, iwashe, na picha itawahi.

Picha ina uzito, wacha mchezo!

Picha moja ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Zidisha: nukta 2,073,600! Ukizihesabu moja kila sekunde, mchana na usiku bila kulala, utatumia siku 24 kamili, na haitabaki hata sekunde moja.

Na ile 4K wanayoisifu madukani? Watu hudhani ni mara mbili ya HD. Ni mara NNE, yaani siku 96 za kuhesabu!

Kila nukta hubeba baiti 3: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu. Kwa fremu 25, hizo ni zaidi ya megabaiti 155 kila sekunde. Mechi ya dakika 90 isiyobanwa ingefika karibu gigabaiti 840!

Simu yenye nafasi ya gigabaiti 64 ingejaa kabla dakika ya 7 haijaisha. Wachezaji hata jasho halijawatoka.

Sasa shangaa. Mechi hiyohiyo hukufikia mtandaoni vizuri tu kwa megabiti 5 kwa sekunde. Kati ya kila baiti 250 zilizotoka kwenye kamera, unayopokea ni 1, na jicho lako halilalamiki!

Inawezekanaje? Mashine hutuma kilichobadilika tu. Kamera ikimlenga mbuzi anayepita mbele ya mbuyu, mbuyu unatumwa mara moja na kutulia. Anayekula bando lako ni mbuzi.

Ndiyo maana vumbi likitimka uwanjani picha inageuka vigae. Kila chembe inakwenda njia yake, kila nukta imebadilika, na mashine haijui iache nini. Upepo wa Dodoma ni mtihani mgumu kwa video yoyote.

Dakika 90 kwa megabiti 5 ni gigabaiti 3.4 hivi. Ikariri namba hiyo kabla hujanunua bando la nusufainali!

Kiwango cha kubana video kiitwacho H.264 kilipitishwa mwaka 2003. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo ni mtu mzima, na kiwango hicho bado kimo kwenye simu uliyoshika.

Je, wajua kwamba faili kubwa la video linaweza kuchezeka kirahisi kuliko dogo? Faili lililobanwa sana linakipa kichakataji kazi nzito ya kulifumua. Kwenye matamasha, mafundi wa seva za video hutumia mfumo kama Hap, wenye mafaili manene yanayofumuliwa na kadi ya picha, na skrini nyingi zinakwenda pamoja bila kukwama.

Lakini faili nene linataka diski yenye mbio. Diski ya kuzunguka hupiga mizunguko 7,200 kwa dakika, yaani 120 kila sekunde, na bado hutumia wastani wa milisekunde 4 kusubiri tu data ifike chini ya sindano yake. Diski za SSD hazina kinachozunguka, na hujibu kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde!

Mlango wa USB 2.0 una kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde. HD isiyobanwa inataka zaidi ya 1,240. Ukiona kifaa cha kunasa video kimechomekwa hapo na kinafanya kazi, jua kimeibana picha kwanza au kimeipunguza.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 10, kwa hiyo feni ya kompyuta ikizunguka vilevile inapoza kidogo zaidi kule pwani kuliko hapa. Kichakataji kikichemka, hujipunguzia mwendo chenyewe, na video inaanza kudonoa. Ipe mashine yako nafasi ya kupumua!

Mdomo unasema, sauti iko wapi?

Bungeni Dodoma kuna Spika anayeongoza kikao, na kuna spika zinazotoa sauti. Sauti hutembea mita 343 tu kwa sekunde, kwa hiyo aliyekaa mita 34 kutoka kwenye spika huisikia baada ya milisekunde 100. Katika muda huo wimbi la redio limezunguka robo tatu ya dunia!

Kiwanja cha mpira kina urefu wa mita 105. Mpira ukipigwa kwenye goli moja, aliye nyuma ya goli la pili anausikia baada ya sekunde 0.3. Wimbi la redio lisilocheleweshwa na mashine yoyote hufika kutoka Dar hadi Dodoma kwa milisekunde 1.5, kwa hiyo wa Dodoma anaweza kumtangulia aliyelipa kiingilio!

Mtazame mama anayetwanga ng'ambo ya pili ya mbuga, mita 170 kutoka ulipo. Mchi unatua kimyakimya, na kishindo kinafika nusu sekunde baadaye. Macho na masikio yako yamelizoea jambo hilo tangu utotoni.

Ndiyo maana ubongo unasamehe sauti iliyochelewa lakini hausamehi iliyotangulia. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, linasema watu huanza kugundua sauti ikiitangulia picha kwa milisekunde 45 tu. Ikichelewa, hawagundui mpaka 125!

Wasikie akina mama wa Kigogo wakipiga ngoma za muheme. Mpigaji aliye mita 3.4 kutoka kwa mwenzake humsikia baada ya milisekunde 10, na mdundo unashikana barabara. Watenganishe uwaunganishe kwa video yenye ucheleweshaji wa milisekunde 200, na ngoma itavunjika!

Jicho lako lina kasi ya ajabu. Watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliripoti mwaka 2014 kwamba mtu anaweza kutambua kilichomo kwenye picha aliyoonyeshwa kwa milisekunde 13 tu. Hiyo ni theluthi ya fremu moja ya televisheni!

Lakini mwili wenyewe nao una foleni. Ukiguswa kidole cha mguu, habari hutumia karibu milisekunde 35 kufika kwenye ubongo. Fremu moja nzima ya televisheni imekaribia kupita, na wewe hujajua kwamba umeguswa.

Na masikio yanawahi kuliko macho! Mtu huitikia mlio kwa takribani milisekunde 170 na mwanga kwa takribani 250. Mkimbiaji anayesubiri bastola ilie ana bahati kuliko anayesubiri taa iwake.

Tulikotoka

Je, wajua kwamba Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiwa ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara? Bara tukasubiri mpaka 1994. Huo ndio ucheleweshaji: miaka ishirini!

Televisheni ya zamani ya kichogo ilikuwa haisubiri chochote. Ilichora mistari 625 mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukichorwa pale unapofika. Picha ilikuwa na chenga, ndiyo, lakini iliwahi kuliko skrini nyingi bapa za leo.

Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na Dodoma ikafuata mwaka 2013. Ving'amuzi vikaleta picha safi kama kioo. Vikaleta na foleni pia, kwa sababu kila fremu sasa inabanwa kule na kufumuliwa huku.

Kanda ya VHS ya saa 3 ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 250. Ikunjue uwanjani, itakwenda goli hadi goli mara mbili na kubaki! Kichwa cha kuisoma kilizunguka mara 25 kila sekunde, mzunguko mmoja kwa kila fremu.

Filamu ya sinema hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na televisheni yetu huionyesha kwa 25. Filamu ya saa 2 inaisha dakika 4 na sekunde 48 mapema! Umezipata dakika hizo bure bila kujua.

Umeme wetu hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi humetameta mara 100. Kamera iliyowekwa fremu 60 haipatani nazo, ndipo unapoona mistari ikipanda kwenye picha. Weka 25 au 50, mistari itakimbia yenyewe.

Kumbuka vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, na filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili na msimulizi Lufufu. Msimulizi huangalia, huelewa, huchagua neno, hutamka, na mhusika amekwisha kufungua mlango mwingine. Seva ya video inafanya kazi hiyohiyo, ila haina mdomo wa Lufufu!

Na hapa mkoani kwetu, kwenye miamba ya Kolo, Kondoa, ziko picha za watu na wanyama zilizochorwa katika kipindi cha angalau miaka 2,000. UNESCO iliziingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Twiga wa Kolo ameshasubiri karne nyingi kumfikia mtazamaji wake, na wala hajaganda!

Sasa zamu yako

Wazee husimulia kwamba jina Dodoma linatokana na neno la Kigogo lenye maana ya kuzama, kwa ajili ya tembo aliyedidimia matopeni. Leo jioni pima mwenyewe video yako imezama kiasi gani. Unahitaji simu nne tu na marafiki wawili.

Simu ya kwanza iwashe saa ya kuhesabu sekunde. Ya pili iinase saa hiyo kwa kamera na kuituma kwa maongezi ya video kwenda kwenye simu ya tatu, ya rafiki aliyekaa pembeni yako. Kwa simu ya nne, piga picha moja inayoonyesha saa yenyewe na saa iliyoko kwenye skrini ya rafiki, kisha toa namba ndogo kwenye kubwa: huo ndio ucheleweshaji wako, bila fundi na bila kifaa cha bei!

Mkimaliza, fungueni mechi moja kwa njia tatu: redio, king'amuzi na simu. Kaeni hapahapa kwenye benchi hili msikilize mtaa. Mara nyingi wa redio ataruka kwanza, kisha wa king'amuzi, na wa simu atauliza, “Kuna nini jamani?”

Umesikia kelele hizo kutoka kibanda cha pili? Usiangalie simu yako. Goli limeshaingia!